Simu inasema Jumapili, kitabu kinasema Jumanne: nani mkweli?

Msomaji mmoja kaniandikia swali ambalo huwa nalipata kwa sura tofauti tofauti, ila lake limekaa vizuri kuliko yote kwa hiyo naliweka hapa kama alivyoliandika:

"Mkuu habari za saa hizi. Naandika makala kuhusu kuanguka kwa Constantinople, vitabu vinasema ilikuwa Jumanne tarehe 29 Mei 1453. Nikaiingiza kwenye kalenda ya simu ikaniambia Jumapili. Nikajaribu programu ya kubadilisha kwenda Hijria ikaniletea tarehe 11 ya mwezi wa tano mwaka 857, wakati kitabu kingine kimeandika tarehe 20. Sasa hapo siku zilihama au? Nitajuaje siku halisi ya wiki ya tarehe ya zamani, na ikiwa tarehe iko kwenye kalenda nyingine nafanyaje? Halafu kwenye makala niandike ipi?"

Asante mkuu. Nianze na jibu fupi ili ulale vizuri: vitabu vyako vyote viwili viko sawa, ilikuwa Jumanne. Na simu nayo haijakosea hesabu hata kidogo, ila imejibu swali ambalo wewe hukuuliza. Ile Jumapili na ile tarehe 11 ni kosa moja lililojitokeza mara mbili, utaona huko chini.

Kitu cha kwanza kushika ni kwamba siku za juma hazikuhama. Watu wanabadili kalenda, wanaruka tarehe, wanahamisha mwanzo wa mwaka, wanabishana mwezi umeandama au bado, lakini Jumatatu inafuatwa na Jumanne, basi, na imekuwa hivyo kwa karne zote ambazo tuna kumbukumbu zake nzuri (kuna vituko vichache sana vya kweli, nitavitaja mwishoni maana vinachekesha). Wayahudi wana Sabato yao, Wakristo Jumapili yao, Waislamu Ijumaa yao, na hawa watatu wameishi miji ile ile kwa mamia ya miaka, sasa ingetokea mmoja wao kapoteza siku moja njiani si majirani wangemshtua kesho yake tu? Kwa hiyo ukitafuta siku ya wiki usiing'ang'anie tarehe. Hesabu siku zenyewe, zimepita ngapi toka siku unayoijua, gawa kwa 7, baki ndiyo jibu lako. Tarehe ni kibandiko tu, siku moja unaweza kuibandika vibandiko vitano na ikabaki siku ile ile.

Chukua hiyo siku yako. Watu wa Constantinople wenyewe (Istanbul ya leo) waliiita 29 Mei mwaka 6961 tangu kuumbwa kwa ulimwengu, na mwaka wao ulikuwa unaanza 1 Septemba. Wazungu wa magharibi wakaiita 29 Mei 1453. Upande wa Sultani Mehmed II, Mwosmani aliyeuteka mji, ilikuwa 20 Jumadal Awwal 857. Na sisi wa leo tukiirudisha nyuma kalenda yetu tunaipa jina la 7 Juni 1453, jina ambalo hakuna mtu hata mmoja aliyelitumia wakati ule. Vibandiko vinne, Jumanne moja. Na Wagiriki hawajaisahau, wapo mpaka leo wanaoiona Jumanne kuwa siku ya mkosi kwa ajili ya tukio hilo, kwa hiyo ukiandika Jumapili kwenye makala jiandae kwa maoni makali.

Sasa simu ilifanya nini. Mwaka 1453 Ulaya ya Kikristo ilikuwa inatumia kalenda ya Juliasi, ile ya Juliasi Kaisari, ambayo kila mwaka wa nne ni mwaka mrefu (wa siku 366) bila kujali chochote. Mwaka wa Juliasi una siku 365.25 kamili, jua lenyewe linataka kama 365.2422, tofauti ni dakika 11 hivi kwa mwaka, inaonekana si kitu lakini ikikusanyika inazaa siku nzima kila miaka 128 hivi. Ilipofika karne ya 16 majira yalishateleza siku 10 ukilinganisha na hesabu ya Pasaka iliyokuwa imewekwa, ndipo Papa Gregori XIII akafuta siku 10 mwaka 1582 na kuongeza sharti kwamba miaka ya mwisho wa karne isiwe mirefu mpaka igawanyike kwa 400. Ndiyo maana 1700, 1800 na 1900 kwa Gregori ni mifupi lakini 1600 na 2000 ni mirefu.

Na angalia walivyoruka: Alhamisi ya 4 Oktoba 1582 ikafuatwa na Ijumaa ya 15 Oktoba 1582. Tarehe zimeruka, juma halikuguswa. Waingereza walivyokubali baada ya kugoma karibu miaka 170, Jumatano ya 2 Septemba 1752 ikafuatwa na Alhamisi ya 14 Septemba. Warusi, Jumatano ya 31 Januari 1918 ikafuatwa na Alhamisi ya 14 Februari. Kila mara hadithi ni hiyo hiyo.

Simu yako na kompyuta nyingi hazijui hadithi hiyo, au zinaijua lakini zimeamua kuipuuza. Zinachukua kanuni za Gregori na kuzirudisha nyuma mpaka mwanzo wa dunia kana kwamba Papa Gregori alizaliwa kabla ya Kristo. Kwa karne unayoizungumzia wewe, yaani kuanzia Machi 1400 mpaka Februari 1500, tofauti ya kalenda hizo mbili ni siku 9. Wewe umeandika 29 Mei, simu ikaelewa 29 Mei ya Gregori, ambayo kwa watu wa wakati ule ilikuwa 20 Mei, siku 9 kabla ya mji kuanguka, na siku hiyo ilikuwa Jumapili kweli. Programu ya Hijria nayo ikafanya vile vile, ikatoa siku 9 kutoka 20 ukabaki na 11. Umeona? Kosa moja. Ukiingiza 7 Juni 1453 badala ya 29 Mei, simu itakwambia Jumanne na ile programu itakuletea 20. Jaribu sasa hivi.

Tofauti yenyewe inabadilika kwa hiyo usiikariri hiyo 9 ukaitumia kila mahali. Mwaka 1582 ilikuwa 10 na ikakaa hapo hapo mpaka mwisho wa Februari 1700 kwa sababu 1600 ilikuwa ndefu kwa kalenda zote mbili, halafu 11 kwa karne ya 18, 12 kwa ya 19, na 13 toka 1900 mpaka 2100. Ndiyo maana mapinduzi ya Urusi yanaitwa ya Oktoba na yakawa yanasherehekewa Novemba, 25 Oktoba 1917 ya kwao ni 7 Novemba ya Gregori, Jumatano kwa yote mawili.

Na usidhani programu zote zinakosea kwa namna moja, hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Lugha za kuandikia programu kama Python na JavaScript zinairudisha Gregori nyuma kama simu yako. Java kuna kalenda yake ya zamani inabadilika yenyewe kuwa Juliasi kabla ya Oktoba 1582. Kwenye Unix kuna amri inaitwa cal, kwa desturi yake inabadilika Septemba 1752 kama Waingereza, ukiiomba mwezi huo inakuchorea mwezi uliokatwa katikati, 1, 2, halafu 14. Kwa hiyo tarehe moja ya mwaka 1650 unaweza kupata majibu mawili tofauti na kompyuta zote zinaapa ziko sahihi. Excel ndiyo usiiguse kabisa kwa kazi hii, haijui tarehe yoyote kabla ya 1900, na hata hiyo 1900 inadhani ulikuwa mwaka mrefu (makosa iliyorithi makusudi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya mahesabu iliyoitangulia, ili mafaili yaelewane), kwa hiyo ukiiuliza 1 Januari 1900 inakwambia Jumapili wakati ilikuwa Jumatatu.

Sasa tuje kwenye kupiga mwenyewe, maana mimi siamini jibu la mashine mpaka nimelipiga mkononi walau mara moja. Njia ninayoipenda ni ya mwanahisabati John Conway. Siri yake ni kwamba ndani ya mwaka wowote kuna tarehe ambazo zote huangukia siku moja ya juma: 4/4, 6/6, 8/8, 10/10, 12/12, halafu 9/5 na 5/9, 11/7 na 7/11, na siku ya mwisho ya Februari. Kwa Januari ni tarehe 3, au 4 ukiwa mwaka mrefu, na kwa Machi shika tarehe 7. Tuiite siku ya nanga ya mwaka. Ukishajua nanga ni siku gani, unakwenda kwenye tarehe ya nanga iliyo karibu na yako unahesabu kwa vidole.

Nanga unaipata hivi. Kwa kalenda ya Juliasi chukua namba ya mamia ya mwaka, kwa 1453 ni 14, igawe kwa 7, baki yake ndiyo idadi ya siku za kurudi nyuma kutoka Jumapili. 14 inagawanyika bila baki kwa hiyo unabaki Jumapili pale pale. Halafu chukua tarakimu mbili za mwisho, 53. Kuna 12 ngapi ndani ya 53? Nne, inabaki 5. Kwenye hiyo 5 kuna 4 ngapi? Moja. Jumlisha 4 na 5 na 1 unapata 10, toa 7 inabaki 3. Jumapili ukisogea siku tatu mbele ni Jumatano, hiyo ndiyo nanga ya 1453. Basi 9/5 ni Jumatano, na 29 Mei ni siku 20 mbele yake, wiki mbili kamili na siku 6, Jumatano ukiongeza 6 (au ukirudi moja, ni kitu kile kile) unapata Jumanne. Kwisha kazi.

Kwa Gregori kila kitu ni hivyo hivyo, kinachobadilika ni mahali pa kuanzia tu: 1600 na 2000 unaanza na Jumanne, 1700 Jumapili, 1800 Ijumaa, 1900 Jumatano, halafu mzunguko unajirudia kila miaka 400 kwa sababu miaka 400 ya Gregori ina siku 146,097 ambazo ni wiki 20,871 kamili bila baki. Kwa hiyo 1400 ya kubuni inaazima nanga ya 1800, Ijumaa, ongeza ile 3 unapata Jumatatu, 9/5 Jumatatu, 29/5 Jumapili. Ile ile Jumapili ya simu yako. Nilikwambia haijakosea hesabu.

Hijria. Hapa watu wanaogopa bure, kwa kweli Hijria ni rahisi kupiga kuliko hata Gregori kwa sababu miezi inapishana 30 na 29 mwanzo mpaka mwisho. Ile kalenda ya hesabu (siyo ya kuandama) ina mzunguko wa miaka 30 wenye siku 10,631, ndani yake miaka 11 inaongezwa siku moja. Mizunguko saba, yaani miaka 210, inatimiza wiki kamili, kwa hiyo mwaka wowote wa Hijria una siku za juma sawa na mwaka ulio miaka 210 nyuma yake. Mwaka 857 toa 210 mara nne, unabaki na mwaka 17. Tayari umeruka karne nane bila jasho.

Sasa hesabu kutoka 1 Muharram mwaka 1, ambayo kwa hesabu ya kawaida ilikuwa Ijumaa, 16 Julai 622 ya Juliasi. Mpaka unaanza mwaka wa 17 imepita miaka 16. Kila mwaka ni siku 354, ukigawa kwa 7 inabaki 4, mara 16 ni 64, toa saba saba inabaki 1. Miaka iliyoongezwa siku ndani ya hiyo 16 ni sita (wa 2, 5, 7, 10, 13 na 16, wengine wanaweka 15 badala ya 16 lakini hapa haibadilishi kitu). 1 na 6 ni 7, yaani sifuri. Halafu miezi minne iliyopita, 30, 29, 30, 29, jumla 118, baki 6. Na tarehe 20 maana yake zimepita siku 19. 6 na 19 ni 25, toa 21 inabaki 4. Ijumaa mbele siku nne: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Umepita njia nyingine kabisa, mwezi badala ya jua, na umetokea mlango ule ule. Mimi kila nikiipiga hii huwa nafurahi kama mtoto, sijui kwa nini.

Tahadhari moja na ni kubwa. Hiyo ni kalenda ya mahesabu, watu wenyewe walikuwa wanaangalia mwezi angani, na mwezi una mawingu na una ubishi. Kwa hiyo tarehe ya Hijria kwenye hati ya zamani inaweza kupishana na hesabu kwa siku moja, mara chache mbili. Mwandishi akiandika "Jumanne tarehe 20" na hesabu yako ikakuletea Jumatatu, usimsahihishe yeye! Amini siku ya juma, sogeza tarehe. Mtu anaweza kuchanganya tarehe ya mwezi, lakini hawezi kuchanganya siku aliyokwenda msikitini kuswali Ijumaa. Tofauti ikiwa siku tatu au nne hapo sasa ndiyo uanze kushuku, aidha aliyenakili kakosea namba, au mwaka siyo, au wewe umekosea kugawa.

Na kuna mtego wa magharibi. Siku ya Hijria na ya Kiyahudi inaanza jua likizama, siyo saa sita usiku. Kiswahili chenyewe kinatunza kumbukumbu hiyo, mzee akisema usiku wa Ijumaa kwa lugha ya zamani anamaanisha usiku ule ambao sisi wa leo tungeuita Alhamisi usiku, wa kuamkia Ijumaa. Kwa tukio lako haina shida maana mji uliingiwa alfajiri na asubuhi, na kwa kalenda zote mbili ilishakuwa Jumanne, ila tukio la saa mbili usiku linaweza kukusumbua siku nzima kama hujui.

Tukiwa kwenye lugha, majina yetu wenyewe ni mtego pia. Jumamosi ni siku ya mosi baada ya Ijumaa, tunahesabu vizuri pili, tatu, nne, tano, halafu baada ya Jumatano inakuja Alhamisi ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, kwa kuwa Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Yaani tuna siku ya tano mbili zimefuatana na hakuna anayeshangaa. Miezi nayo hivyo, Jumadal Awwal kwa jina la kale la Kiswahili ni Mfunguo Nane, lakini ni mwezi wa tano wa mwaka kwa sababu mfunguo unahesabiwa toka Ramadhani ilipoisha. Niliwahi kuandika kiprogramu nikampa Jumamosi namba 1 maana jina linasema mosi, na maktaba niliyokuwa naitumia inaanza na Jumatatu, wiki mbili nzima matokeo yangu yote yalikuwa yamepinda na mimi nalaumu fomula.

Ukiwa na tarehe za kalenda nyingi kwa pamoja acha kurukaruka kutoka moja kwenda nyingine, pitisha zote kwenye kitu kimoja katikati. Hicho kitu ni namba ya siku ya Juliasi, ambayo kwa bahati mbaya imebeba jina linalofanana na kalenda ya Juliasi lakini ni kitu tofauti. Msingi wake ni kipindi kilichobuniwa na mwanazuoni Joseph Scaliger, 1583, na unahesabu siku moja moja mfululizo kutoka Jumatatu ya 1 Januari 4713 KK, hauna miezi wala miaka wala mwaka mrefu. Wanaastronomia wanautumia mpaka leo. 1 Januari 2000 ni siku ya 2,451,545. Siku yako ya Constantinople ni ya 2,251,915. Gawa kwa 7: inakwenda mara 321,702, inabaki 1, na kwa kuwa mfumo umeanza Jumatatu basi 0 ni Jumatatu, 1 ni Jumanne. Ukiweka 29 Mei ya Juliasi au 7 Juni ya Gregori au 20 Jumadal Awwal unapata namba hiyo hiyo moja, na hivyo ndivyo unavyojua umebadilisha sawasawa. Zikitoka namba mbili tofauti umekosea mahali, haina mjadala. Hata Ethiopia yenye miezi 13 na mwaka ulio nyuma ya wetu kwa saba au nane inaingia humo bila tabu, mwaka wao wa 2000 ulianza 12 Septemba 2007, Jumatano kwao na Jumatano kwetu.

Mitego mingine nitaipita haraka. Mwanzo wa mwaka: Uingereza mpaka 1751 mwaka wa kisheria ulikuwa unaanza 25 Machi, kwa hiyo Januari na Februari zilikuwa bado za mwaka uliopita. Mfalme Charles I aliuawa 30 Januari 1648 kwa hati za wakati huo, sisi tunasema 1649. Ukipiga na 1648 unapata Jumapili, ukipiga na 1649 ya Juliasi unapata Jumanne, na Jumanne ndiyo. Ukikuta imeandikwa 1648/9 hilo ndilo wanalojaribu kukwambia, tumia namba ya pili. Halafu nchi: Shakespeare na Cervantes wote wanatajwa kwa 23 Aprili 1616, lakini Hispania ilishahamia Gregori na Uingereza bado, siku hizo mbili zimeachana siku 10, ya Shakespeare ni Jumanne na ya Hispania ni Jumamosi (na Cervantes mwenyewe alifariki tarehe 22, Ijumaa, 23 ni ya maziko). Kwa hiyo usiulize tu mwaka gani, uliza mwaka gani na wapi.

Ukienda kabla ya Kristo, kumbuka hakuna mwaka sifuri, 1 KK unafuatwa moja kwa moja na 1 BK, lakini kwenye fomula 1 KK unaandika 0 na 585 KK unaandika −584. Na hata ukipata jibu usilitangaze kwa kifua, Warumi wa enzi za Kaisari walikuwa na mzunguko wao wa soko wa siku nane, na miaka mirefu ya mwanzo waliiweka kila baada ya mitatu kwa kukosea kuhesabu, mambo yakatulia mnamo mwaka 8 BK. Kusema Kaisari aliuawa siku fulani ya juma ni hesabu tu inayorudishwa nyuma, yeye hakuwahi kuisikia.

Vile vituko nilivyokuahidi. Ufaransa ya mapinduzi ilianzisha juma la siku kumi toka 1793, Urusi ya Kisovieti ikajaribu la siku tano halafu sita kati ya 1929 na 1940, lakini kote huko juma la saba liliendelea chini kwa chini na waliporudi walilikuta pale pale lilipotakiwa kuwa. Kinachokata juma kweli ni mstari wa tarehe baharini, ule ambao upande mmoja wake uko siku moja mbele ya mwingine. Mabaki ya msafara wa Magellan walifika visiwa vya Cape Verde wakiwa wameandika Jumatano ya 9 Julai 1522, wakashangaa kuambiwa na watu wa nchi kavu kwamba ni Alhamisi, walikuwa wamezunguka dunia wakifuata jua na wamepoteza siku moja bila kukosea hata ukurasa mmoja wa kumbukumbu. Ufilipino walitoka Jumatatu ya 30 Desemba 1844 wakaingia Jumatano ya 1 Januari 1845. Alaska ilipouzwa kwa Marekani 1867 walibadili kalenda na upande wa mstari kwa mpigo, Ijumaa ya 6 Oktoba ikafuatwa na Ijumaa ya 18 Oktoba, Ijumaa mbili mfululizo. Na Samoa juzi juzi tu, Alhamisi ya 29 Desemba 2011 wakalala wakaamka Jumamosi ya 31. Kama tarehe yako inatoka maeneo hayo na miaka hiyo, kuwa makini, kwingine kote ile kanuni ya mwanzo inasimama.

Kwenye makala yako basi andika Jumanne, 29 Mei 1453, na ukitaka kuwa salama ongeza mara moja tu, ile ya kwanza, kwamba ni kwa kalenda ya Juliasi. Ukiweka na Hijria weka 20 Jumadal Awwal 857. Ile 7 Juni usiiweke kwenye makala, ni ya kuingizia kwenye simu tu. Na kama ndani ya makala una tarehe nyingine za kuzingirwa kwa mji, mzingiro ulianza mapema Aprili, zote ziache kwenye Juliasi hivyo hivyo, usije ukabadilisha moja ukaacha nyingine maana hapo hata mimi sitaweza kukusaidia.